Nyumba Moja Kati ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa uchaguzi. Wapangaji wote wa jengo letu walikusanyika uani saa kumi na moja jioni, tukachagua mwenyekiti wa kamati ya kutetea makazi. Fundi cherehani wa chumba namba tatu amepata kura kumi na tisa. Mimi mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Mama Mkwe, naye baadaye aliniambia kwamba hakuwa anapiga kura, alinyoosha mkono kuomba watu wampishe apate hewa. Mke wangu alimpigia Fundi. Nilimwona kwa macho yangu mawili! Nilipomuuliza akasema Fundi huwa anafika mikutanoni kwa wakati.

Jambo lenyewe ni hili, niliandike likae sawa. Kampuni moja ya ujenzi imenunua kiwanja chetu. Jengo litavunjwa, zipande ghorofa kumi. Wakati huohuo Baraza la Mji linajadili sheria mpya: katika kila jengo jipya kubwa, nyumba moja kati ya tano iwe ya kodi nafuu, na waliohamishwa kwenye kiwanja ndio wawe wa kwanza kupewa. Kura itapigwa tarehe kumi na nne. Sheria ikipita, tuna pa kukaa. Isipopita, kila mtu abebe godoro lake.

Sisi tuna shida kuliko wote. Chumba chetu ni kimoja, cha chini, na dirisha linatazama ukuta wa jirani, hatua moja tu. Ukungu wa ukutani penye kitanda cha Mama Mkwe umepanda mpaka usawa wa bega. Kifua chake kinakoroma hata akiwa macho. Daktari alisema atolewe mle kabla mvua hazijakolea, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye hatarudia. Mke wangu siku hizi hana wimbo mwingine ila vyumba viwili na dirisha la mashariki.

Kwa hiyo mwenyekiti alipaswa kuwa mtu mwenye akili. Wamechagua mtu wa vifungo.

Jumanne, 4 Machi

Fundi alikuja dukani asubuhi kabla Bosi hajafika. Duka letu ni la fotokopi na picha za pasipoti, linatazamana na lango la Baraza. Alileta rasimu ya ile sheria, ameazimwa na diwani kwa saa moja tu. Anataka nakala kumi na mbili, moja kwa kila chumba. Nikamwambia jirani ni jirani, nitamtolea bure. Nia yangu ni wapangaji wajue nani hasa ana msaada na nani ana cheo tu.

Bosi huingia saa mbili na nusu, na ana jicho la karatasi. Akiona bunda limepungua anauliza. Rasimu ilikuwa ya kurasa nane, zimechapwa mbele na nyuma. Nikakata shauri: nitoe upande wa mbele tu. Karatasi zilezile nne kwa kila mtu, kazi nusu, na mashine haipati moto. Nani husoma nyuma ya karatasi?

Jioni Fundi aliniambia sheria inaruka, sentensi inaanza ukurasa mmoja na mwisho wake hauonekani popote. Nikamweleza kwamba sheria ndivyo zinavyoandikwa, si hadithi ile. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba radhi kwa kutojua. Nimeona raha kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati imeingia dukani ikinukia! Ni wakala wa ile kampuni ya ujenzi, mtu wa suti aliyejipulizia hadi Bosi akafungua dirisha. Nimempa jina la Manukato. Alileta michoro ya jengo, seti sita, karatasi kubwa kama shuka. Nikatazama namba ya kiwanja. Chetu. Nikatafuta chumba chetu kwa kidole. Pale kilipo kitanda cha Mama Mkwe pameandikwa maegesho ya gari, namba kumi na nne.

Hapa nitasema jambo ambalo Bosi hajawahi kulisema. Hakuna mtu mji huu anayekunja michoro kama mimi. Naikunja hadi inaingia kwenye faili, jina la mradi linabaki juu, na kona ya chini kushoto naigeuza ndani kidogo ili isikwame. Hiyo kona hana mtu mwingine. Manukato alitazama, kisha akaniita mtaalamu.

Akauliza kama ninafahamika kaunta ya Baraza. Anataka faili lipokelewe na kugongwa mhuri kesho, kesho isipite. Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema wakubwa wake hawapendi foleni. Nikamwambia, ili ajue, kwamba naishi kwenye hicho kiwanja na nina mkwe mgonjwa. Akanishika bega. Akasema anayewasaidia hawamsahau, nyumba ya mtu wa ndani haikosekani, ghorofa ya tatu, tena upande wa jua la asubuhi.

Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Sheria ikipita, napata nyumba kwa sheria. Isipopita, napata kwa Manukato. Zikija zote mbili, napata mbili! Fundi ana kamati. Mimi nina mguu huku na mguu kule. Mke wangu aliuliza nacheka nini na maji yamekatika.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni ya kaunta ilifika langoni. Watu kama thelathini, na Ijumaa kaunta inafungwa saa sita. Nikafikiri. Kisha nikapita kando ya foleni nikisema kwa uchungu, kama mtu aliyeumizwa mwenyewe, kwamba kuanzia leo kila fomu inataka picha mbili za pasipoti, na wapiga picha ndio wale pale ng'ambo. Foleni nzima ikavuka barabara. Tukabaki mimi na mama wa kaunta. Mhuri umepigwa: IMEPOKELEWA, 7 MACHI. Umekaa vizuri, wino haukutapakaa.

Nilikuta Bosi ameshapiga picha watu ishirini na sita, uso unang'aa. Saa sita na nusu watu ishirini na sita walirudi, nyuso hazing'ai. Nilikaa chooni hadi kelele zikaisha. Adhabu yangu ni kusafisha mashine zote kwa mswaki, wiki nzima. Nimekubali bila kinyongo. Mtu wa ghorofa ya tatu hagombani na watu wa chini.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza. Mama Mkwe ameshinda kitandani ameegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Ukutani ukungu umepita bega.

Mke wangu aliazima futi ya Fundi. Amepima kitanda cha mama yake urefu na upana, akaandika kwenye kikaratasi, akakitia kwenye pochi. Alisema kitanda kitawekwa chini ya dirisha. Alikuwa anaongea na mimi kama zamani, na mara moja akacheka. Nusura nimwambie habari za Manukato. Nikauma ulimi. Zawadi ukiitangaza mapema inapoa.

Mama Mkwe aliniita nikae karibu yake.

"Baba," alisema, "mimi sitaki makubwa. Nataka nione mtu anapita nje."

Nikamwambia ataona watu mpaka awachoke. Nikatoka, nikasimama kwenye mvua kidogo. Nilijisikia vibaya na sijui ni kwa nini, maana mipango yote iko sawa.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha kukusanya maoni, ukumbi wa Baraza. Viti vya plastiki, feni moja, na kila msemaji dakika tatu. Mkandarasi mmoja mnene alisema akilazimishwa kupangisha nyumba moja kwa hasara, atafidia kwenye zile nne, kwa hiyo mwalimu na muuguzi ndio watakaomlipia mwenzao kodi, na siku hesabu ikikataa ataacha kujenga kabisa, na hapo hakutakuwa na nyumba nafuu wala ghali. Watu waliguna, ila nilimwona Fundi anaandika, kama mtu aliyeona kuna jambo. Mjane mwenye kiwanja kidogo alisema anaogopa hakuna atakayemnunulia, na hicho kiwanja ndicho uzee wake.

Kisha akasimama Fundi. Hakupaza sauti. Alisema yeye ndiye anayeshona sare za wafagiaji wa mji huu, na huwauliza wanatoka wapi asubuhi, na kila mwaka wanataja mahali pa mbali zaidi. Sasa wengine wanaamka saa tisa. Akasema hapingi maghorofa, anaomba tu yasijengwe juu ya vichwa vya watu. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, polepole.

Shida ilikuwa zamu yangu. Nilimwahidi mke wangu kuitetea sheria. Na Manukato, aliyekaa safu ya nyuma, nilimwahidi juzi kwa simu kuipinga. Nikasema dakika zote tatu. Kwamba nyumba nafuu ni jambo jema, ila jambo jema lina mahali pake, na sisemi mahali pake si hapa, lakini hapa pia pana watu, na watu wanahitaji maegesho. Mwenyekiti wa kikao akaniuliza naunga mkono au napinga. Nikajibu ndiyo. Katibu akauliza aniandike upande gani. Nikamwambia wowote wenye nafasi. Njia nzima ya kurudi mke wangu alitazama viatu vyake.

Ijumaa, 14 Machi

Imepita! Madiwani kumi na watatu kwa kumi na wawili. Nyumba moja kati ya tano.

Uani palikuwa hapatoshi. Watu walimbeba Fundi juu juu hadi futi ikamtoka shingoni. Mama Mkwe alitolewa nje na kiti chake, akapiga makofi mpaka kikohozi kikamkatiza. Mke wangu alikumbatia kila mtu, na mimi akanikumbatia, mwisho mwisho lakini alinikumbatia.

Nilimpigia Manukato kumpa pole kwa kushindwa, nikamkumbusha kwa upole kuhusu ile ghorofa ya tatu, kwamba sasa nitaihitaji kama nyongeza. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alicheka, akasema hakuna aliyeshindwa. Nimependa moyo wake.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Asubuhi langoni kwetu pamebandikwa tangazo. Tuhame ndani ya siku thelathini. Jengo jipya lina nyumba sitini. Za kodi nafuu: hakuna.

Fundi aliacha cherehani ikiwa na nguo chini ya sindano, akaenda Baraza. Alirudi saa tisa na sheria kamili mkononi. Akatuita uani. Akasoma ukurasa wa nne, taratibu, kama anamsomea mtoto. Unasema jengo ambalo faili lake limepokelewa kabla ya siku ya kura, sheria hii haitalihusu. Faili la kiwanja chetu limepokelewa tarehe saba.

Akaeleza alichoambiwa na diwani. Kwamba ukurasa huo ndio uliokuwa wa kuangaliwa kuliko yote. Kwamba barua moja ya pingamizi yenye saini zetu ingetosha kulizuia faili kaunta mpaka kura ipite. Tulikuwa na siku tatu. Kila chumba kilikuwa na nakala.

Akageuka kwangu. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka.

"Jirani," alisema, "upande wa pili ulikuwa wapi?"

Nikasema mashine. Nikasema mashine zile ni za zamani, zinachagua. Nilitamani wanitukane, maana matusi yana mwisho. Walinitazama tu. Mke wangu hakunitazama.

Ili kurudisha hali, nikapendekeza iundwe kamati ndogo ya kumtafuta aliyeharakisha faili, na mimi niwe mwenyekiti wake. Pendekezo halikuungwa mkono. Watu waliingia vyumbani mmoja mmoja, na milango ikafungwa.

Alhamisi, 20 Machi

Simu ya Manukato haipatikani. Nadhani ni mtandao.

Baraza limetundika michoro langoni kwetu, ndani ya karatasi ya nailoni, umma uione. Mke wangu alitoka kuchota maji akasimama pale muda mrefu, ndoo mkononi. Aliporudi hakunywa hata chai. Alifungua kabati, akatoa shuka nililokunja mimi Jumamosi, akaliweka mezani mbele yangu.

"Ile kona," alisema. "Shuka zote za humu ndani zina ile kona. Ni wewe uliyeikunja ile michoro."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, sijawahi kueleza vizuri vile. Mguu huku, mguu kule. Foleni iliyovuka barabara. Ghorofa ya tatu. Jua la asubuhi. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akauliza kama wakati nakunja nilijua ni kiwanja chetu. Nikasema ndiyo, ndiyo maana nilikunja kwa uangalifu.

Hakulia. Alitoa kile kikaratasi cha vipimo vya kitanda, akakiweka juu ya shuka, akaenda kumpa mama yake dawa. Nimekaa pale mezani hadi chai ikawa na utando. Nimeumia. Naandika hivyo kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumapili, 23 Machi

Wamehama. Mvua hazikatiki, na mke wangu alisema mama yake hawezi kungoja siku thelathini. Wamekwenda kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtaa wa nyuma ya soko. Vyumba viwili, watu saba, sasa tisa. Lakini kuna dirisha la barabarani.

Niliuliza mimi nilale wapi kule. Mke wangu alisema hapana nafasi. Alisema kwa adabu, kama mtu wa ofisini.

Fundi ndiye aliyebeba godoro, kichwani, amelifunika na turubai lake la kazini. Nilijitolea kushika upande mmoja. Akasema asante, atamudu. Vitu vilipokwisha kupakiwa, Mama Mkwe aliomba wangoje. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kujitahidi, akasema anajua nilihangaika kwa ajili yake. Hakuna aliyemwambia. Mke wangu alikuwa nyuma yake, angeweza kumwambia palepale, na hakumwambia. Nilisema tu aangalie hatua, pana utelezi.

Chumba kimebaki kikubwa. Nimekaa kwenye kitanda chake. Ukutani kuna umbo la mgongo wake, mahali ambapo ukungu haukuota. Sikutaka kulitazama na nimelitazama jioni nzima.

Jumatano, 26 Machi

Nilimnusa kabla sijamwona. Manukato, dukani, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemtayarishia maneno makali tangu Alhamisi, nimeyapanga kwa mfuatano. Akaniita mtaalamu. Akasema simu yake iliibiwa. Akasema nyumba yangu haijapotea, wakubwa wamebadilisha orodha tu, nami nimesogezwa mradi unaofuata, ambao ni bora kuliko ule.

Alikuwa na michoro mipya, seti sita. Ijumaa ya wiki ijayo Baraza linapiga kura nyingine: wapangaji wanaohamishwa wapewe miezi sita badala ya siku thelathini. Wakubwa wake wanataka faili liwe limepokelewa kabla ya hapo. Nikafunua karatasi ya juu. Mtaa wa nyuma ya soko. Nikatafuta kwa kidole. Alipo shemeji pameandikwa tangi la maji.

Niliweka michoro chini, nikamwambia hapana. Nikanywa maji. Kisha nikaanza kuona vizuri. Mtaa huo utavunjwa nikunje nisikunje. Na mara ile kosa langu lilikuwa moja tu: nilikubali neno la mdomo. Safari hii mimi si yule wa mwanzo, nina uzoefu. Nikamwambia Manukato kwamba naitaka ahadi yake kwa maandishi, tena si nyumba moja, mbili, moja yetu na moja ya shemeji. Akacheka, akasema nimekuwa mjanja. Akageuza kadi yake, akaandika nyuma: nyumba mbili, ghorofa ya tatu, upande wa jua. Hajatia saini, lakini ana mwandiko mzuri sana.

Faili limepokelewa leo saa tano na robo, na foleni ilikuwa fupi. Kwa shemeji sijasema kitu bado. Nataka liwe jambo la kuwashtukiza.